Injini Inapocheza Tezini: Kutafuta Chanzo na Kutengeneza Sehemu za Kufungia Injini kwenye Boti ya Faiba

Boti nyingi za faiba zinazovua, kubeba wageni na kuvusha abiria katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani Pemba, Unguja na Mafia, hutumia injini ya kutundika nyuma. Injini hiyo hushikwa na ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, ambao mtu akiutazama kwa nje huona faiba tupu. Ndani yake, hata hivyo, kwa boti zilizo nyingi mna mbao: tabaka mbili au tatu za plaiwudi zilizogandishwa pamoja, kisha zikafunikwa kwa ngozi ya faiba upande wa ndani na upande wa nje, unene wote ukiwa mara nyingi kati ya milimita 40 na 60. Ngozi za faiba hupokea mvuto, na mbao huziweka ngozi hizo mbali, huzuia ukuta usipinde na huzuia bolti zisididimie. Mbao zikioza, kila ngozi hubaki ikifanya kazi peke yake, na hapo hakuna bolti itakayokaza, hata ifungwe na mtu mwenye nguvu kiasi gani.

Kwa hiyo tundu la bolti lililopanuka ni dalili tu, na kulijaza kabla ya kujua lilipanuka kwa nini ni kuufungia ugonjwa ndani. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine hadi kwenye chanzo chake, halafu ndipo unapofika kwenye matengenezo.

Inafaa kwanza kuelewa nguvu inapita wapi. Rafadha (propela) inasukuma kutoka chini, wakati injini imeshikwa juu. Boti inapokwenda mbele, sehemu ya chini ya mabano ya injini, yaani ile alumini inayofungwa kwa bolti ukutani, huukandamiza ukuta wa tezi, na sehemu ya juu hutaka kuchomoka kuelekea nyuma. Bolti za juu ndizo zinazovutwa siku nzima. Bolti za chini hazivutwi kiasi hicho, lakini ndizo zilizo karibu na maji, na boti ikiwa imeegeshwa na mzigo wake bolti hizo huweza kulala chini ya maji kabisa. Mgawanyo huo ndio unaoeleza kwa nini matundu ya juu kwa kawaida huchakaa kwa nguvu, na matundu ya chini huharibiwa na maji.

Kwanza, je, kinachocheza ni ukuta wa tezi kweli?

Nahodha akisema mashine inatikisika, watu huenda moja kwa moja kwenye bolti. Mtikisiko, hata hivyo, unaweza kuwa umetokana na rafadha iliyopinda bawa au kuvunjika ncha baada ya kugonga mwamba, na vilevile mipira na bushi zilizo ndani ya injini yenyewe zikichakaa, mguu wa injini utacheza ingawa ukuta ni mzima kabisa. Kuna jaribio moja linalotenganisha mambo haya, na halihitaji chombo chochote.

Boti ikiwa nchi kavu na imeegemezwa vizuri, injini ishushwe kama inavyokaa safarini. Mtu mmoja ashike mguu wa injini chini, karibu na rafadha, autikise mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Mtu wa pili aweke kidole kwenye ule mstari ambapo mabano yanakutana na ukuta wa tezi, nusu ya kidole ikiwa juu ya alumini na nusu juu ya faiba. Ikiwa mguu unacheza lakini kidole hakihisi chochote, mchezo uko ndani ya injini, na kazi ni ya fundi wa injini. Ikiwa kidole kinahisi alumini inateleza juu ya faiba, bolti zimelegea au matundu yamepanuka. Ikiwa alumini na faiba vinakwenda pamoja, ukuta wenyewe ndio unaopinda, na hapo uchunguzi uhamie kwenye mbao zake na viegemeo vyake. Jaribio lirudiwe kwenye kila kona ya mabano, kwa sababu mara nyingi upande mmoja huwa mzima na mwingine umeshakwisha. Kidole kikaguliwe kila mara kisiingie katikati ya mabano na ukuta, kwani injini nzito inaweza kukiponda.

Dalili: bolti hukazwa leo, wiki ijayo zimelegea

Nati inayofunguka yenyewe hurudi nyuma kwenye nyuzi zake, na hilo huonekana ukipiga alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye washa. Kama baada ya safari kadhaa alama imeachana, tatizo ni nati, na nati ya kujifunga yenye mpira wa nailoni itatosha. Kama alama haijaachana na bado bolti imelegea, nati haijaenda popote: kilichopungua ni unene wa ukuta kati ya washa na mabano. Mbao zinabonyea.

Sababu ya kawaida ya mbao kubonyea, kabla hata ya kuoza, ni washa ndogo. Washa ya kawaida ya bolti ya milimita 12 ina upana usiozidi sana milimita 24, na nguvu yote ya bolti hukaa juu ya duara hilo dogo. Ngozi ya ndani ya faiba hupasuka mviringo kuizunguka washa, washa huzama, na kila anayekaza huizamisha zaidi. Ukiona duara lenye nyufa nyembamba kuzunguka washa na katikati pamebonyea, acha kukaza mara moja. Bolti hiyo inahitaji sahani ya kuegemea, ambayo nitaieleza mbele, na tundu lake linahitaji kuchunguzwa kama maji yamekwishaingia kupitia ufa huo.

Sababu ya pili ni tundu lililotobolewa kubwa kuliko bolti tangu mwanzo, au lililopanuliwa na fundi aliyebadilisha injini moja kwa nyingine na kukuta matundu hayalingani. Bolti inayoogelea ndani ya tundu haiongozwi na chochote ila msuguano, na ukilegea kidogo, injini huanza kupanda na kushuka ikilila tundu kwa wima hadi linakuwa na umbo la yai. Tundu la umbo hilo likionekana kwa bolti za juu peke yake, na mbao ndani ni kavu, hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote yaliyomo humu.

Dalili: maji ya kahawia yanachuruzika kwenye bolti

Hapa ndipo uvumilivu unapolipa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Madoa ya kahawia chini ya kichwa cha bolti ni ya aina mbili. Doa la rangi ya machungwa, gumu, linalokwangulika kama unga, ni kutu ya bolti yenyewe. Hata stenlesi hushika kutu ikifungiwa ndani ya mbao zenye maji ya chumvi, kwa kuwa hukosa hewa inayoilinda, na bolti inayong'aa kichwani inaweza kuwa imeliwa shingoni hadi ikabaki nusu ya unene wake; chomoa angalau moja uitazame kabla ya kuziamini zote. Doa la pili ni la majimaji meusi-meusi, yenye harufu ya uchachu, yanayoendelea kutoka siku kadhaa baada ya boti kupandishwa pwani. Hayo yanatoka kwenye mbao, na maana yake ni kwamba mbao zimelowa muda mrefu.

Usidhani kwamba maji yaliingilia palepale yanapotokea. Kagua tundu la kizibo cha kutolea maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti), kwa sababu mara nyingi ukingo wa plaiwudi ndani ya tundu hilo uliachwa wazi na ukapakwa rangi tu. Kagua skrubu ndogo zinazoshika kifaa cha kupimia kina, ngazi, au ndoano za kamba; skrubu ya milimita 5 iliyoingizwa bila kizibio (gundi laini ya kuzuia maji) chini ya mstari wa maji inatosha kuozesha ukuta mzima. Kagua pia ukingo wa juu. Boti iliyotengenezwa kwa injini ya shafti ndefu huwa na kimo cha inchi 20 hivi, na ya shafti fupi inchi 15. Mwenye boti akinunua injini ya shafti fupi, fundi huukata ukingo ili injini ikae sawa, na plaiwudi iliyokatwa hubaki ikinywa mvua na maji ya mawimbi kutoka juu.

Baada ya macho, sikio. Gonga ukuta wote kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, ukienda sentimita chache kila mara. Mahali pazima hujibu kwa sauti kali, fupi. Mahali palipooza au palipoachana na ngozi hujibu kwa sauti butu. Weka alama kwa chaki. Sikio hukosea mahali penye faiba nene sana, kwa hiyo lisiachiwe uamuzi peke yake.

Uamuzi hutolewa na keekee. Tumia biti ya milimita 5, funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kuishia, na toboa kutoka ndani ya boti bila kufika ngozi ya nje. Anza karibu na bolti ya chini, kisha karibu na kizibo, kisha nenda ukitoka nje kuelekea pembe. Kila tundu liwe na karatasi yake nyeupe ya kupokea kinachotoka, na namba yake. Mbao nzima hutoa vumbi na vikunjo vyeupe vikavu, na biti hukazana tangu mwanzo hadi mwisho. Mbao iliyolowa lakini haijaoza hutoa vipande vizito, vya rangi hafifu, ambavyo ukivibana kwa vidole huacha unyevu, lakini bado biti inakazana. Mbao iliyooza hutoa kitu kinachofanana na majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Biti hutumbukia baada ya kuvuka ngozi, na ikichomolewa maji huifuata.

Ukipanga karatasi hizo sakafuni kwa mfuatano wa matundu, unapata ramani ya ugonjwa. Ikiwa unyevu umeishia ndani ya sentimita kama 10 kuzunguka tundu la bolti na mbao bado ni ngumu, tengenezo dogo linatosha. Ikiwa uozo umeunganisha tundu moja na jingine, au umeshuka hadi chini mahali ukuta unapokutana na sakafu, kiini chote cha mbao kitolewe. Wapo wanaotoboa vitundu vingi na kumimina epoksi (gundi ya majimaji inayochanganywa na kugandishwa) ndani ya mbao zilizooza wakitumaini itazigandisha. Kwa ukuta unaobeba injini mimi siikubali njia hiyo, kwa sababu epoksi haiingii ndani ya mbao iliyojaa maji. Hujaza mianya iliyo karibu na tundu tu, na ukuta hutoa sauti nzuri ukigongwa huku nguvu haipo.

Dalili: nyufa kwenye pembe, na ukuta unaopumua

Nyufa ndefu kwenye gelikoti (utando wa juu wenye rangi wa faiba) mahali ukuta wa tezi unapokutana na ubavu, au kwenye pembe za ule mkato wa kukalia injini, huonyesha kwamba ukuta unapinda kila boti inaporuka wimbi. Shika mguu wa injini ikiwa imeinuliwa, uukandamize na kuuachia, na mwenzako ashikilie rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa ndani wa ukuta. Nuru ikifunguka na kufungika kati ya rula na ukuta, ukuta unapumua.

Mbao zikiwa zimepimwa na kuonekana nzima, tazama viegemeo: zile pembetatu au mihimili inayoupokea msukumo kutoka kwenye ukuta na kuupeleka kwenye sakafu na kwenye mihimili mirefu inayokwenda omo, yaani mbele. Utepe wa faiba unaoviunganisha na ukuta huachana kwanza, na ufa wake mara nyingi hufichwa na rangi au na tope la ngama. Kubadilisha bolti hapa hakusaidii chochote. Faiba iliyoachana isagwe, kiungo kijazwe kwa mviringo, na tabaka mpya zilazwe.

Jambo jingine linalopindisha ukuta mzima ni injini isiyolingana nao. Injini ya mipigo minne kwa kawaida ni nzito kuliko ya mipigo miwili yenye nguvu hiyohiyo, na boti nyingi za zamani zilijengwa kwa ajili ya zile nyepesi. Anayebadilisha injini apime ukuta kabla ya kuitundika.

Kwa injini ndogo zinazobanwa kwa skrubu za mkono, dalili ni mashimo mawili ya duara yaliyochimbwa na vibano upande wa ndani. Yakiwa madogo, ubao mgumu au sahani ya alumini chini ya vibano huyamaliza. Yakiwa yamepasua ngozi, yatibiwe kama matundu ya bolti.

Tengenezo dogo: kutoa mbao kwenye njia ya bolti

Injini itolewe. Kazi inayofanywa injini ikiwa imening'inia kwa kamba juu ya fundi ni hatari isiyo na sababu, na mabano yake huziba mahali panapotakiwa kusagwa.

Osha matundu kwa maji yasiyo na chumvi ya kisima au ya bomba, kwa kuwa chumvi iliyobaki ndani ya mbao huvuta unyevu upya hata baada ya kukauka. Kisha acha yakauke. Miezi ya kiangazi ni bora. Wakati wa masika kazi hii inahitaji turubai na subira. Kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni juu ya tundu kwa utepe, pande zote mbili, na ukiache jua lipige. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, bado.

Pakikauka, panua tundu: kwa bolti ya milimita 12, toboa hadi milimita 20, ukitoa mbao zote zenye rangi ya giza. Paka epoksi isiyochanganywa na unga kwenye kuta za tundu hadi mbao ziache kuinywa. Kabla haijakauka, funga upande mmoja kwa utepe na jaza tundu kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa silika na nyuzi fupi za faiba hadi iwe nzito isiyomwagika, ukiisukuma kwa bomba la sindano kutoka mwisho wa tundu kuja nje ili hewa isibaki. Epoksi nyingi ikikaa pamoja huchemka yenyewe, hasa katika joto letu. Tumia hadina (kigandishi cha epoksi) ya kukauka polepole, na tundu kubwa lijazwe kwa awamu mbili.

Baada ya kukauka kabisa, toboa tundu jipya la bolti katikati, ukitumia mabano ya injini yenyewe kama kielelezo. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi. Haigusi mbao hata kidogo, na kizibio kikishindwa siku moja, maji yatakayoingia yatakuta epoksi. Chonga mdomo wa tundu kidogo kwa biti pana, ili kizibio kipate pa kukaa na gelikoti isipasuke. Vitundu vyote vya uchunguzi, vya skrubu na cha kizibo cha ngama vipate tiba hiyohiyo.

Tengenezo kubwa: kubadilisha kiini cha mbao

Kwa boti ya abiria, mkaguzi wa mamlaka ya vyombo vya majini aitwe kabla ya kufungua na kabla ya kufunika: wa TASAC kwa Tanzania Bara, wa ZMA kwa Zanzibar, wa KMA kwa Kenya. Ukuta ukishafunikwa, hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomo.

Boti iegemezwe sawasawa kabla ya kukata, maana bila kiini ngozi ya nje hujipinda. Pima na kuandika kimo cha ukuta, unene wake na mlalo wake, ambao kwa kawaida huwa kati ya digrii 12 na 15. Kata ngozi ya ndani kwa grainda, ukiacha ukingo wa sentimita 5 hadi 8 pande zote, na ukihifadhi kipande ulichokitoa. Unene wake ndio utakaokuambia ujenge tabaka ngapi. Toa mbao kwa patasi na grainda hadi ngozi ya nje ionekane safi. Isage kwa msasa mkali wa namba 36 au 40, kwa sababu rezini (majimaji yanayogandisha nyuzi za faiba) mpya ya poliesta haiungani kikemia na faiba iliyokwisha kukauka. Hushika mikwaruzo tu. Kwa sababu hiyo epoksi ni bora kwa kazi ya ukarabati, bei ikiruhusu. Anayetumia epoksi ajue kwamba mati ya kawaida ya nyuzi zilizokatwa hushikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na rezini ya poliesta, na epoksi haiiyeyushi vizuri. Atumie kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Plaiwudi ichaguliwe kwa makini. Ubao mweusi unaouzwa madukani kwa jina la marine board ni wa kumwagia zege: utando wake wa nje haushiki rezini, na tabaka za ndani mara nyingi zina mianya inayopitisha maji. Plaiwudi ya boti ya kiwango cha BS 1088 haina mianya hiyo. Ikikosekana, kata ubao ulioupata vipande kadhaa na kuvitazama kwenye kingo kabla ya kulipa zaidi.

Kata tabaka mbili za milimita 18, zijaribu mahali pake, kisha zipake rezini pande zote na kwenye kingo. Kati ya ngozi ya nje na ubao wa kwanza, na kati ya ubao na ubao, laza mati (au kitambaa, kwa anayetumia epoksi) ya gramu 450 kwa mita ya mraba iliyolowa vizuri rezini, na toboa vitundu vidogo kwenye ubao ili hewa ipate pa kutokea. Bana kwa bolti zinazopita kwenye matundu ya injini na vipande vya mbao ndefu. Kubana kupita kiasi hukamua rezini yote na kuacha kiungo kikavu. Pembe zote zijazwe kwa mviringo wa sentimita 2 hadi 3, kwani faiba haikubali kukunjwa kwa pembe kali. Kisha jenga ngozi ya ndani kwa kupishanisha mati na kitambaa cha gramu 600, kila tabaka likipanda juu ya sakafu na mbavu zaidi ya lililotangulia, kwa mfano sentimita 10, kisha 15, kisha 20. Mati moja ya gramu 450 ikikauka huwa na unene wa milimita 1 hivi. Mwisho, matundu ya bolti kwenye kiini kipya yapewe bomba la epoksi kama ilivyoelezwa. Ni kazi ya ziada ya siku moja, na ndiyo inayozuia kurudia hii kubwa.

Poliesta huwekwa katalisti (dawa ya kuigandisha) asilimia 1 hadi 2 kwa uzito. Katika joto la pwani asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo, kwa kawaida inatosha. Pungufu ya hapo rezini haikauki ipasavyo. Ikiwa duka limekuuzia rezini, akselereta ya kobalti (ya kuharakisha kuganda) na katalisti, kila kimoja peke yake, akselereta iingie kwanza kwenye rezini na kukorogwa kabisa, kisha ndipo katalisti. Akselereta na katalisti zisikutane kamwe zenyewe kwa zenyewe, hata kwenye kijiti cha kukorogea, kwani hulipuka. Tone la katalisti jichoni huweza kupofusha. Miwani ivaliwe, na maji mengi safi yawe karibu. Vumbi la faiba linataka barakoa ya kweli, kitambaa hakitoshi, na moto wa sigara ukae mbali na asitoni ya kusafishia vifaa.

Boti zenye injini ndani

Kwenye boti zenye dizeli ndani, injini hukaa juu ya mihimili miwili ya mbao iliyofunikwa faiba, kupitia miguu ya mpira. Mtikisiko ukizidi, kagua mipira kwanza: iliyolowa dizeli hulainika na kushuka, na iliyozeeka hupasuka. Mipira ikiwa mizima na skrubu zake zinazunguka bila kukaza, mbao ya mhimili imeoza au nyuzi zimeliwa. Tundu lipanuliwe na kujazwa epoksi, au bora zaidi sahani ya chuma yenye nyuzi iingizwe ndani ya mhimili ili bolti ishike chuma. Baada ya hapo mlingano wa injini na shafti upimwe upya boti ikiwa majini na imekaa kwa mzigo wake wa kawaida, kwa sababu mwili wa boti hubadilika umbo kidogo ukitoka nchi kavu. Kipimo kinachokubalika ni tofauti ya mwanya kati ya nyuso mbili za kiungo cha injini na shafti isiyozidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za kipenyo cha kiungo.

Kurudisha injini

Jaribu kila bolti kavu kabla ya kupaka kizibio. Bolti ziwe za stenlesi ya daraja la 316, na ndani ya boti ziegemee sahani ya alumini au stenlesi yenye unene wa milimita 5 au 6 inayounganisha bolti mbili za juu, na nyingine mbili za chini. Kizibio kiwe cha poliyuretheni cha boti, kama Sikaflex 291. Silikoni ya bafuni huachia upesi, na mabaki yake huzuia kizibio chochote kingine kushika mahali hapo. Paka ndani ya tundu, kwenye shingo ya bolti na chini ya kichwa, upande wa nje ambako maji yanaingilia. Zungusha nati na uishike bolti isizunguke, ili kizibio kisikatike.

Kimo cha injini kikaguliwe kabla ya kukaza kwa mwisho: ule ubapa ulio juu ya rafadha uwe sawa na chini ya boti au chini kidogo yake, usizidi milimita 25. Injini ifungwe pia kwa mnyororo wa akiba kwenye kiegemeo, si kwenye ukuta uleule wa tezi.

Piga alama za rangi kwenye nati zote. Baada ya safari ya kwanza yenye mawimbi, boti ikishapandishwa pwani, tazama alama, rudia jaribio la kidole kwenye kona nne za mabano, na kaza tena mara moja, kwa kuwa kizibio na sahani hukaa kidogo. Baadaye alama zitazamwe kila mwezi, na kila mwaka bolti moja ya chini ichomolewe, itazamwe shingo, na tundu lake liingizwe kijiti kikavu kilichofungwa karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka kavu, paka bolti kizibio kipya uirudishe.